Ng'ombe wa Alhamisi

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kusema ndiyo. Sikuisema kwa mdomo, kwa sababu miaka ile mdomo wangu ulikataa kufanya kazi mbele ya watu. Niliiandika. Kila Alhamisi asubuhi, katika ofisi ya chama cha wakulima wa maziwa mjini Nyeri, niliketi mbele ya kompyuta ya chama, nikaingiza disketi iliyoletwa na basi kutoka Nairobi, nikangoja niulizwe swali, nikaandika ndiyo.

Mwanzoni niliajiriwa kupika chai na kufagia. Aliyenitoa jikoni ni mtaalamu wa ng'ambo aliyekuja kujitolea kutuwekea kompyuta. Alikuwa mtu mpole aliyekipenda Kiswahili kuliko sisi, kwa hiyo maswali yote ya kompyuta aliyaandika kwa Kiswahili. Una hakika? Una hakika kabisa? Umetunza nakala? Tuendelee? Alihitaji mtu wa kuyajibu. Karani wetu alikuwa amemaliza kidato cha nne, lakini mtaalamu alisema karani anajibu kabla hajasoma. Mimi niliishia darasa la nane, na nilitafuta kila herufi kwenye kibodi kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe. "Huyu hana hatari," akamwambia meneja. Nililichukua kama sifa. Nilikuwa sijawahi kuwa na hakika ya jambo lolote maishani, na sasa nilikuwa na hakika kabisa kila Alhamisi, tena kwa mshahara.

Sababu ya maswali hayo ilikuwa hii. Programu iliyotunza habari za wanachama na ng'ombe wao ilikuwa na makosa mengi, na kampuni iliyotuuzia ilituma marekebisho kila wiki. Ili marekebisho yaingie, mtaalamu alikuwa ametunga faili ndogo za maagizo alizoziita skripti. Moja ilifunga programu. Nyingine ilihamisha mambo ya zamani. Ya tatu ilitafuta kile ambacho ya pili ilisahau kuhamisha. Kulikuwa na moja ya kunakili kila kitu kwenye disketi za ofisi zetu ndogo za Mweiga na Chaka, na moja ya kurekebisha makosa ya hiyo ya kunakili. Mtaalamu aliporudi kwao alituachia zote, kama mtu anayehama akawaachia jirani paka wake, na akabandika onyo ukutani kwamba programu isiguswe mpaka skripti zote zimalizike. Zilianza tukifungua ofisi. Zilimalizika tukifunga.

Kwa hiyo Alhamisi hakukuwa na kompyuta, na pasipo kompyuta hakukuwa na karatasi ya daktari.

Huyo daktari hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali zilizogandishwa, lakini tulimwita daktari kwa sababu alivaa koti refu la kijani, na kwa sababu wengi wetu hatukutaka kuitaja kazi yake mbele ya wazee wa kanisa. Alibeba mbegu zake katika mtungi uliofuka baridi, nyuma ya pikipiki ya chama. Mwanachama akiona ng'ombe wake ameingia joto la kutaka fahali alfajiri, alikuja ofisini asubuhi, kompyuta ikatoa karatasi, daktari akaichukua na kwenda kabla ya jioni. Kesho yake ni kuchelewa, joto limekwisha. Bila karatasi daktari hakuwasha pikipiki. Zamani tuliandika maombi kwa mkono, lakini kamati ilipitisha kwamba kuandika kwa mkono ni mambo ya kale, na vitabu vilivyobaki vikapelekwa buchani kufungia nyama.

Alhamisi, basi, daktari alipumzika. Alipumzikia Chaka, kwenye veranda ya hoteli moja ya chai, pamoja na mtungi wake na pikipiki yetu. Mkulima aliyemkuta akipumzika hapo alisaidiwa, kwa bei iliyotegemea viatu alivyovaa. Meneja naye, kwa kuwa ofisi haikuwa na la kufanya, alivaa gambuti akaenda kuangalia viazi vyake Mweiga. Mimi nilibaki na kompyuta, tukiulizana na kujibizana.

Mama yangu aliishi kijijini Tetu, na alikuwa na ng'ombe mmoja, mweusi mwenye baka jeupe, mama wa ndama wote tuliowahi kuwa nao. Mimi niliishi kwa shangazi mjini na kurudi nyumbani Jumapili. Ndama wa mwisho alikuwa amekwisha kuuzwa, maziwa yalikuwa yakipungua, na ng'ombe alihitaji kushika mimba. Aliingia joto siku ya Alhamisi.

Asiyefuga hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Ng'ombe akikosa mimba, hurudi joto baada ya wiki tatu. Ukianza kuhesabu Alhamisi, wiki tatu zinakufikisha Alhamisi. Akikosa tena, zinakufikisha Alhamisi nyingine. Pande zetu walikuwa wanajulikana, ng'ombe wa Alhamisi, na mnunuzi mwerevu kabla ya kuuliza ng'ombe anatoa maziwa kiasi gani, aliuliza kwanza anaingia joto siku gani. Wauzaji walidanganya. Nilisikia hata mchungaji mmoja alidanganya.

Niliporudi Jumapili baada ya Alhamisi ya pili kupotea, mama alikuwa anakata majani ya ng'ombe, na hakuacha kukata.

"Wewe si ndio unaketi na hiyo mashini?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi iambie niko na ng'ombe."

"Haisikii, mama."

"Kama haisikii, unaiambianga nini siku mzima?"

"Naiambia ndiyo."

Aliinua panga, akanitazama. "Haya. Siku moja iambie hapana, tuone kama italia."

Nilimwambia, kwa sauti ndogo, kwamba watu wengine huenda Chaka. Alijua watu wengine huenda Chaka. Alisema yeye alikatwa pesa za maziwa kununua hiyo kompyuta, na pikipiki, na koti la kijani, na hawezi kwenda kununua kwa veranda kitu ambacho ni chake ofisini. Nilimtajia fahali wa jirani. Alisema hataki ndama wa barabarani. Mama yangu hakuwa mtu wa kelele, lakini alikuwa mwanachama.

Kisha akaniambia lililobaki. Mnunuzi wa ng'ombe wa kuchinja alikuwa amekuja, amempapasa ng'ombe mgongo, ametaja bei. "Nimemwambia angoje. Akikosa mara ya tatu, aende. Siwezi kulisha mgeni."

Wiki hiyohiyo akaja fundi.

Alikuwa kijana mrefu wa chuo kikuu, miwani yake imeshikizwa kwa selotepu, aliyeletwa na kamati afanye kazi wakati wa likizo. Aliambiwa azitazame skripti kwa sababu siku hizi zilikuwa zinakwama. Akavuta kiti karibu na changu. Sikuwahi kuketi karibu hivyo na mtu aliyesoma, na kwa muda mrefu niliangalia selotepu tu.

"Hili swali la 'una hakika kabisa,'" akasema, "wewe hujibu nini?"

"Ndiyo."

"Umewahi kujibu hapana?"

Nilitikisa kichwa. Akaandika hapana, haraka, kabla sijamshika mkono. Kompyuta ikaendelea vilevile. Ikauliza swali lililofuata. Akaandika hapana tena, halafu akaandika jina la timu yake ya mpira, na kompyuta ikashukuru na kuendelea.

"Haisomi," akasema. "Inauliza tu. Ukishajibu inatupa."

Niliangalia vidole vyangu. Miaka ile yote nilikuwa nikitafuta herufi moja moja.

"Na hapa inalala," akaendelea, kidole kwenye kioo.

"Inalala aje?"

"Imeamriwa ilale. Ikiamka inafanya kitu kidogo, halafu hii nyingine nayo inalala. Mlikuwa na kompyuta ya zamani hapa? Ya polepole?"

Tulikuwa nayo. Wakati huo ilikuwa stoo, ikizuia mlango usijifunge. Mtaalamu aliweka usingizi ndani ya skripti ili kompyuta ile mzee ipate kupumua. Kisha tulinunua mpya, mtaalamu akaenda zake, na usingizi ukabaki. Kwa hiyo Alhamisi zote hizo mashini haikuwa ikifanya kazi. Ilikuwa imelala, nami nilikuwa nimeketi wima nikiichunga isiamshwe.

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilimfikiria ng'ombe wa mama, nikashindwa kucheka.

Aliamua kuzitupa skripti zote na kuandika programu moja ya kusimamia marekebisho. Aliiandika kwa lugha mpya ya kompyuta iitwayo Python, jina la nyoka, jambo ambalo tulikubaliana kutomwambia mwenyekiti wa chama, ambaye alikuwa mzee wa kanisa. Alinieleza ilivyofanya kazi na nilielewa zaidi ya nilivyotarajia. Ilikumbuka yenyewe ni marekebisho gani yameingia na ni yapi bado. Ilijua Mweiga imefika wapi na Chaka imefika wapi. Kitu kikiharibika katikati, ilirudisha kila kitu kilivyokuwa na kukueleza kosa liko wapi, bila kumuuliza mtu kama ana hakika.

"Na mimi?" nikauliza. Lilikuwa swali langu la kwanza kwake kuhusu mimi mwenyewe.

Alifikiri. "Wewe utaingiza disketi."

Alhamisi ya kwanza ya programu ile mpya niliingiza disketi, nikaandika neno alilonifundisha, nikaenda jikoni kuweka chai. Niliporudi kuchukua majani ya chai, maziwa hayajapanda, kompyuta ilikuwa imeandika: Tayari.

Meneja alikuwa mlangoni na gambuti zake.

"Tayari nini?" akauliza.

"Marekebisho," akasema fundi.

"Yote?"

"Yote. Na ya Mweiga, na ya Chaka."

Meneja aliitazama kompyuta kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyerudi kutoka shule saa nne asubuhi. Hakuonekana kama mtu aliyepokea habari njema. Akaketi, na gambuti zake, akaagiza daktari aitwe kabla hajaondoka kwenda Chaka.

Mkutano ulifanyika palepale, mimi nikimimina chai. Ulifunguliwa kwa maombi, na katika maombi meneja alimshukuru Mungu kwa kijana msomi na kwa kifaa kizuri, ndivyo alivyoiita ile programu. Kisha wakaanza kukitafutia kifaa kizuri mahali pa kukaa.

"Kitu ya haraka hivyo haiwezi kuwa safi," alisema daktari. "Mimi nafanya na ng'ombe. Ukiharakisha, umeharibu."

"Nimeijaribu," alisema fundi. "Inafanya kazi ileile, bila kulala."

"Kulala ni kubaya? Hata wewe ulilala jana."

"Shida si kifaa," alisema meneja. "Shida ni wanachama. Wamezoea kwamba Alhamisi hakuna. Ukiwaondolea hiyo, watauliza ni nini kingine hakikuwa lazima."

Daktari aliafiki kwa kichwa, akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. Wakaamua hivi. Chama kitatumia kifaa kipya, na kitajivunia. Lakini kila Alhamisi asubuhi kifaa kitafunga programu kama kawaida, kisha kitangoja, na kazi yenyewe kitaifanya jioni. Fundi alikuwa bado hajatiwa sahihi na meneja barua ya kuonyesha chuoni kwamba amefanya kazi, kwa hiyo hakubisha. Aliweka ndani ya kifaa swali moja: Nianze sasa, au jioni?

"Atakayejibu ni huyu msichana wetu," alisema meneja. "Jibu ni jioni." Akanigeukia kwa upole. "Unaona? Kazi yako imebaki. Tumekutetea."

Nikamshukuru. Daktari akavaa helmeti, akaniambia, "Mama ya Ndiyo, sasa umepandishwa cheo. Utakuwa Mama ya Jioni."

Walipotoka, fundi aliinama karibu na sikio langu kama mtu anayetoa siri ya familia. "Hii inasoma," akasema. "Ukiandika jioni, itangoja jioni. Ukiandika sasa, itaanza sasa."

Zamani ningeweza kuandika lolote na lisingebadilisha kitu. Sasa jibu langu lilikuwa na nguvu, na ndiyo maana nilikuwa nimepewa likiwa limeshaandikwa.

Alhamisi ya mama ilipofika niliijua kabla ya kuamka. Niliingiza disketi. Kifaa kikafunga programu, kikauliza: Nianze sasa, au jioni? Sikujibu chochote. Nilifuta vumbi kwenye kibodi. Nilifuta tena. Kutojibu ndicho kitu pekee nilichokuwa na kipaji nacho.

Mama aliingia na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Alikuwa ameletwa na lori la maziwa, na alinuka maziwa na umande. Alisimama kwenye kaunta bila kunitazama. Pale hakuwa mama yangu, alikuwa mwanachama. Nyuma yake walikuwapo watu wachache waliokuwa hawajaelewa siku, au walioielewa wakaja hivyohivyo.

"Habari ya asubuhi, meneja."

"Mzuri, mama. Lakini leo ni Alhamisi."

"Najua leo ni nini. Ng'ombe yangu iko na joto tangu alfajiri. Nataka karatasi ya daktari."

"Pole sana, mama." Meneja aliweka mkono kifuani, na akainua sauti kidogo ili walio nyuma nao wafaidike. "Kompyuta iko apdeti. Si mimi, ni mashini. Ingekuwa ni mimi, ningekupa sasa hivi."

"Kwa hivyo mashini ikisema imemaliza, unanipa?"

"Hapo hapo. Mimi ni nani nikatae maneno ya mashini?"

"Mmesikia," mama akawaambia waliokuwa nyuma yake, taratibu, kama anayehesabu mayai. Kisha ndipo akanigeukia. Hakuniomba kwa macho. Alinitazama anavyonitazama akitaka kujua kama nimetia chumvi kwenye githeri. "Wewe. Mashini inasema aje?"

Ofisi nzima ikanitazama. Kwa kawaida hilo lingetosha kunifanya nikimbilie jikoni. Lakini nilikuwa nimeketi, na mikono yangu ilikuwa mahali pake pa kila Alhamisi, na mikono haina haya kama uso. Neno jioni limetawanyika kwenye kibodi, nililijua, lingenichukua muda. Neno sasa liko mahali pamoja, chini ya vidole viwili vya mkono wa kushoto. Niliandika polepole. Ndivyo ninavyoandika.

Mlango ukafunguka, daktari akaingia kuchukua pesa za petroli, helmeti tayari kichwani. "Mama ya Jioni, bado mnaongea na huyo mpenzi wako?" Hakuna aliyecheka, akashangaa, akasimama.

Kwenye kioo mistari ilipita. Mweiga. Chaka. Meneja alikuwa anamweleza mama kuhusu subira. Alikuwa bado ameweka mkono kifuani wakati kompyuta ilipoandika neno lake.

"Imemaliza," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyoipima.

"Imemaliza nini?" akauliza meneja.

"Yote."

Alikuja akasimama nyuma yangu, akaisoma ile Tayari, akaisoma tena kana kwamba ni ndefu. Akawatazama watu wa kaunta. Watu wa kaunta wakamtazama. Akaushusha mkono kutoka kifuani, kwa sababu haukuwa na kazi tena hapo.

"Imeharakisha leo," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

Printa ilipiga kelele zake, na karatasi ya mama ikatoka ya kwanza. Hakumpa meneja aitie mhuri wala hakuikunja. Alitembea hatua zake za polepole mpaka kwa daktari, akampa mkononi.

"Twende, daktari. Vizuri umeshavaa helmeti. Unaanza Tetu, Chaka itakungoja."

Mtu wa nyuma yake akasogea mbele, akaanza kunitajia jina la ng'ombe wake.

Nilingoja kufukuzwa kazi. Nilingoja siku hiyo na wiki hiyo, nikiosha vikombe kwa uangalifu ili nikumbukwe vizuri. Lakini meneja hakuniuliza neno. Ili kuniuliza nani aliandika sasa, ingebidi kwanza aeleze kwamba mashini ilikuwa inatuuliza sisi. Alhamisi iliyofuata foleni ilifika nje, kwa kuwa habari zilishafika Tetu na Mweiga kwamba siku hizi kompyuta inamaliza kabla ya chai. Katika mkutano wa wanachama meneja alisimama, akaeleza jinsi alivyopigania huduma ya Alhamisi kwa muda mrefu. Alipigiwa makofi, na hata mimi nilipiga. Fundi alirudi chuoni na barua yake. Kifaa chake kiliendelea kuuliza, kila wiki, nianze sasa au jioni, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuliondoa swali, na mimi sikuona haja ya kuulizia.

Ilibaki wiki ya tatu tangu daktari afike Tetu. Ng'ombe aliyepandishwa anaweza kukosa hata kama karatasi ilitoka vizuri, na mnunuzi alikuwa hajaambiwa asirudi. Nilimwomba meneja ruhusa ya kuchelewa Alhamisi hiyo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwomba mtu kitu kwa mdomo, naye aliitoa haraka sana, kama mtu aliyeogopa ningeomba kingine.

Nililala Tetu. Alfajiri mama na mimi tulisimama kwenye boma tumejifunga shuka, tukimtazama ng'ombe. Ng'ombe mwenye joto hulia, huzunguka, hukataa chakula, huegemea kila kitu. Huyu alituangalia kidogo, akaona hatujaleta kitu, akarudia majani yake. Tulingoja mpaka lori la maziwa likapiga honi barabarani. Hakulia. Alitafuna tu.

Mama alichukua ndoo yake.

"Nenda kazini," akasema. "Usichelewe kuiambia hiyo mashini yako."